Rangi ya Nne Ukutani

Kila asubuhi kabla jua halijaanza kuchoma, Ajwang na mama yake huanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu katika ufuo wa Luanda Kotieno. Mama humwaga beseni, Ajwang hutandaza kwa mikono, na wote wawili huwafukuza bata wa jirani, ambao ukiwapa mgongo kidogo tu wameshajifanyia karamu. Kisha Ajwang hunawa kwa sabuni mara mbili, huvaa sare na kukimbia shuleni. Harufu hubaki vidoleni, lakini nani ajali? Nusu ya darasa lao hunukia vivyo hivyo.

Ajwang alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na kama kuna jambo alilolijua kuliko wenzake, ni kuitikia. Mwalimu wao wa hisabati, Mwalimu Mukhwana, alikuwa ameshika chaki kwa miaka thelathini. Kila alipomaliza kueleza aligeuka, akapangusa vumbi mikononi na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima lilijibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Sauti ya Ajwang ndiyo iliyosikika hadi jikoni kwa wapishi.

Ukweli ni kwamba hakuwa ameelewa. Asilimia zilimchanganya tangu mwanzo wa muhula. Siku ya kwanza aliona haya kuuliza, siku ya pili aliona amechelewa, na siku ya tatu akawa mtaalamu wa kuitikia. Hivyo ndivyo mambo haya huanza, jamani.

Muhula huo shule ikapata vishikwambi vya kutosha darasa moja, na projekta ya kurusha picha ukutani. Mwalimu kijana aliyeitwa Valarie, aliyekuwa amesomea mambo hayo Kisumu mjini, akapewa kazi ya kuwafunza walimu wenzake kila Jumanne jioni. Siku moja Ajwang alikuwa na zamu ya kufagia varanda, akawasikia. Mwalimu Valarie alieleza haraka haraka namna ya kufungua ukurasa kwenye mtandao, kuandika maswali na kuwaingiza wanafunzi. Kisha akauliza, "Tuko pamoja, walimu?" Walimu wakajibu kwa sauti moja kwamba wako pamoja. Aliyeitikia kwa nguvu zaidi alikuwa Mwalimu Mukhwana. Ajwang alicheka, akaendelea kufagia.

Ijumaa iliyofuata wakajaribu. Swali lilitokea ukutani likiwa na majibu matatu, kila jibu na rangi yake: nyekundu, buluu na manjano. Kila mtoto alibonyeza rangi kwenye kishikwambi chake, na mwishoni majina yakajipanga ukutani kuanzia aliyepata mengi hadi aliyepata machache. Mwalimu Mukhwana alisoma maswali, Mwalimu Valarie akaketi kwenye kompyuta akibonyeza.

Majina ukutani! Sauti moja katikati ya sauti thelathini na nane hujificha, lakini jina lako ukutani utalificha wapi? Basi akafanya alichoweza. Pembeni yake aliketi Byron, aliyeyapenda mahesabu kama wengine wanavyopenda mpira. Ajwang hakuhitaji hata kusoma. Byron akigusa buluu, naye buluu. Byron akigusa nyekundu, naye nyekundu.

Byron akawa wa kwanza, Ajwang wa pili. Wenzake wakampigia makofi, naye akatabasamu huku masikio yakimwaka moto. Mwalimu Mukhwana alifurahi mno. Akatangaza kwamba Alhamisi ijayo walimu kutoka shule tano za jirani wangekuja kutazama somo lake, na kwamba Ajwang ndiye angesimama mbele ya wageni kueleza asilimia hupatikana vipi.

Tangu hapo chakula kilikosa ladha. Ajwang aliomba moyoni mvua inyeshe, feri ya kuwaleta wageni ikwame ziwani, wote waugue mafua, lolote. Byron naye alikuwa ameshatambua. Alimwambia waziwazi kwamba aliliona jicho lake likizunguka, na kwamba hatamshtaki, ila aende akaseme mwenyewe.

Jumatano asubuhi mama alimkuta amekodolea nyavu macho bila kugeuza omena ya jana. Alichota omena ya kujaza mkono mmoja, akampindulia kiganjani. Juu omena ilikuwa kavu na kung'aa, chini bado mbichi.

"Ajwang, nyathina, mwanangu," mama alisema, "hii ukiitia guniani hivi, itajisema yenyewe kabla hujaifikisha sokoni. Igeuze sasa, jua likiwepo."

Mama alikuwa akizungumzia omena tu. Lakini Ajwang aliyabeba maneno hayo siku nzima.

Baada ya masomo aliingia darasani. Mwalimu Mukhwana alikuwa peke yake mbele ya kompyuta, miwani imemteremkia puani, jasho likimtiririka. Ajwang hakumpa nafasi ya kumsalimu. Alijua akisubiri kidogo angegeuka na kukimbia.

"Mwalimu, mimi sijui asilimia. Siku ile nilikuwa natazama rangi anazobonyeza Byron."

Ajwang alitazama viatu vyake na kungoja. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha.

"Na mimi sijui kuufungua ukurasa huu," alisema polepole. "Mwalimu Valarie ndiye hunibonyezea. Kila akiuliza kama tuko pamoja, mimi huitikia kuliko wote."

Akamwambia kwamba tangu mchana amekuwa akihangaika, na ukurasa unamrudisha palepale mwanzo. Alikuwa amepanga kuwaambia wageni kwamba mtandao umekataa. Mtu mzima, mwalimu wa miaka thelathini, amepanga uongo! Ajwang alijaribu kujizuia, lakini kicheko kikamponyoka. Mwalimu akamkazia macho, kisha naye akaangua kicheko hadi akashika meza.

Walipotulia, Mwalimu Mukhwana alimweleza bila kuzunguka kwamba kuibia majibu ni kosa, na kwamba kesho Ajwang mwenyewe angewaambia wenzake kwamba nafasi ya pili haikuwa yake. Ajwang alikubali. Ajabu ni kwamba kifua kilikuwa kimeshakuwa chepesi, hata na adhabu hiyo ikimngoja.

"Sasa tuanze na ya kwako," Mwalimu alisema. "Beseni la omena mbichi la kilo ishirini, mkianika, hubaki kilo ngapi?"

"Tano hivi," Ajwang alijibu bila kufikiri.

"Kwa hiyo jua limekula kilo ngapi?"

"Kumi na tano."

"Na mkianika mabeseni matano kama hilo?"

Ajwang alihesabu kwa vidole. Mabeseni matano ni kilo mia moja mbichi. Jua litakula kumi na tano mara tano. "Sabini na tano," alisema. Halafu macho yakamtoka. "Sabini na tano katika mia. Kumbe ndiyo asilimia hiyo?"

"Ndiyo hiyo, hakuna nyingine."

Kumbe muhula mzima alikuwa akiikimbia, nayo inalala ufuoni pale mbele ya mama yake kila asubuhi! Aliipata hesabu ya pili, ya tatu akakosea, ya nne akaipata. Kisha Mwalimu akampigia simu Mwalimu Valarie, aliyekuwa bado ofisini, na akamwambia wazi kwamba hakuelewa tangu somo la kwanza. Mwalimu Valarie akaja na kuketi kando yake. Safari hii vidole vilivyobonyeza vilikuwa vya Mwalimu Mukhwana mwenyewe. Aliuliza jambo lilelile mara tatu wala hakuona haya. Kabla ya kufunga akauliza kama inawezekana kuficha majina na kuongeza rangi moja zaidi. Akaambiwa inawezekana.

Alhamisi wageni kumi na wanane waliketi nyuma ya darasa. Mwanzoni kabisa Ajwang alisimama, akasema aliibia rangi za Byron na kwamba nafasi ya pili haikuwa yake. Miguno ikasikika, ikaisha. Kisha Mwalimu Mukhwana akaufungua ukurasa, na swali la omena likatokea ukutani: jua limekula asilimia ngapi? Jibu la kwanza lilikuwa asilimia kumi na tano, la pili ishirini na tano, la tatu sabini na tano. La nne, la rangi ya kijani, liliandikwa: Sijaelewa.

Watoto wakatazamana. Vidole vikashuka. Kijani kikapanda ukutani, kikapanda, kikasimama kwenye ishirini na moja.

Watoto ishirini na mmoja kati ya thelathini na wanane! Darasa zima likashusha pumzi kwa pamoja. Muhula mzima kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Ajwang akaenda ubaoni na mabeseni yake matano, akaeleza polepole, akasema na yeye alielewa jana tu. Swali la pili lilipotokea, kijani kilibaki kwa watoto wanne, na Mwalimu akaenda akaketi nao.

Alipomaliza aliwageukia wageni, akawauliza kama wameona namna ya kuufungua ukurasa, kama wako pamoja. Wakajibu kwa nguvu kwamba wako pamoja. Alikusanya vishikwambi, akawagawia, akawauliza swali hilohilo kwa rangi. Kijani kikasimama kwenye kumi na nne.

Walimu walicheka hadi machozi yakawatoka. Aliyecheka zaidi alikuwa Mwalimu Valarie. Alikiri kwamba alikuwa akienda mbio, kwa sababu kila alipouliza aliitikiwa, na kwamba kuanzia Jumanne ataanza upya, polepole.

Ndipo Mwalimu Mukhwana akasimama mbele ya wakubwa na wadogo.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Mimi nimeficha yangu mwezi mzima, Ajwang akaficha yake muhula mzima. Yeye ndiye aliyetangulia kuwa jasiri. Asiyeelewa hajafanya kosa lolote, watoto wangu. Kosa ni kuitikia ndiyo ilhali moyo unasema hapana, kwa sababu hapo hakuna mtu anayeweza kukusaidia. Mmeelewa?"

Hakuna aliyeitikia. Watoto walitulia kwanza, kila mmoja akajiuliza mwenyewe. Kisha mkono mmoja ukainuka polepole pale dirishani, nao ulikuwa wa Byron, bingwa wa mahesabu.

"Mwalimu," alisema, "mimi asilimia naijua. Lakini lile somo la juzi la insha, kusema kweli, sijaelewa kitu."