Ramani ya Kutoka Sirisia

Baiskeli ndiyo iliyoanza. Wabwile aliipaka cheni mafuta, akajaza magurudumu upepo, lakini bado ilikuwa nzito kana kwamba kuna mtu kwenye keria. Keria ilikuwa tupu.

Mwaka huo wa 2004 malori ya barabara kuu yalikuwa yamemtia kiwewe, akanunua ramani ya karatasi na kuchora kwa penseli vijia vya mashambani, kutoka kwao Sirisia hadi nyumbani kwake Kitale. Safari ya kwanza alipumzika kwenye daraja la mbao ambapo mwendesha baiskeli fulani alikufa maji. Akatandaza ramani, akaisoma kwa sauti: tutavuka hapa, tutapita kanisa, tutaingia kwetu. Jamani, mtu mzima wa Sirisia! Kwao ndivyo maiti husemeshwa akirudishwa nyumbani, akitajiwa kila mto na kila kona, roho isipotee njiani.

Nyumba ikanuka matope. Kengele ya baiskeli ikalia mchana bila kuguswa. Mkewe Sellah akalala, hali, hasemi, anatapika maji. Hospitali haikuona ugonjwa, na pasta aliomba mpaka sauti ikamkauka. Wabwile alimpenda sana mwanamke yule.

Akamwita shangazi yake Nakhungu, anayejua mambo ya wafu.

"Si ni wewe ulimleta," mama huyo alinong'ona. "Mrudishe na njia hiyo hiyo ukimsomea, halafu uchome ramani hapo darajani. Lakini tafuta jina lake kwanza. Usimwambie apande kama hujamwita jina, asije akapanda mwingine."

Waliulizia kote, hakuna aliyelijua. Siku Sellah alipoacha kupepesa macho, Wabwile hakuweza kungoja tena. Akaisogeza baiskeli kitandani.

"Panda, twende."

Keria ikalia. Akakanyaga akisoma kila kona, jasho likimtoka, asithubutu kugeuka, na uzito ule ukimhemea mgongoni hadi darajani, ambako alisema shuka, tumefika, na kitu kikang'ang'ania shati lake, jinsi Sellah alivyomshikaga kwenye miteremko, naye akajinasua kwa nguvu.

Akaichoma ramani, akarudi akilia kwa furaha.

Jioni Sellah alikuwa amesimama mlangoni, mzima, ananuka matope.

"Karibu, ndugu," alisema kwa sauti ya mwanamume. "Asante kwa kunileta."

Wabwile akalishika shati lake pale liliponga'ng'aniwa darajani. Akaigeuza baiskeli, akaenda akimwita Sellah kwa jina kila njia panda, na kila njia panda ilikuwa na vijia vingi, na yeye hakuwa na ramani.