Ute Kwenye Kioo cha Boila

Asubuhi ile maji kwenye kioo cha kipimo cha boila ya mvuke yalikuwa na ute. Fundi akagonga kioo kwa ukucha. Ute ukagonga kutoka ndani, mara mbili.

Kiwanda kilikuwa cha kufulia mashuka ya hospitali. Tangu bosi afute magunia ya chumvi ya kulainishia maji, eti cost-cutting, kubana matumizi, boila ilinyweshwa maji ya kisima kama yalivyo, matope na yote, na daftari la vipimo likajazwa tarakimu za mwaka jana. Fundi mwenyewe ndiye aliyekuwa anazinakili. Ana diploma, ana familia; mdomo kaufungia kabatini pamoja na cheti.

Lakini mkewe alikuwa mpiga pasi chumba cha pili, anavuta mvuke huohuo kutwa.

"Baba watoto," alinong'ona mchana, akifunua leso. Ndani mlikuwa na donge la kijivu, laini kama ufizi, limeota nywele. "Nimekohoa hiki. Kimenitambalia mkononi."

Fundi akamwingiza mganga kwa mlango wa nyuma. Mganga alinusa bomba, akatema mate.

"Humu kuna kinywa kimeoza. Chumvi iko wapi?"

"Bosi kaifuta."

"Basi kamkaribisha mgeni. Huyu ni jini wa kisima, chumvi tu ndiyo anayoiogopa. Mmwagie, kisha umfungulie njia ya chini atoke. Ila toa watu kwanza. Akitoka anatafuta mdomo ulio wazi."

Fundi akafunga mvuke wa pasi, akatoa watu wote nje, mkewe wa kwanza, akamwaga chumvi ya dukani kwenye tangi la kulishia boila, na alipofungua vali ya chini, ya kutolea uchafu, boila ikajikunja kama tumbo la mtu anayetapika, likatoka tope, vikatoka vipande vya ukoko vyenye umbo la magego, ukatoka ulimi wa ute usio na mwisho, ukijivuta mferejini huku ukinuka usaha na sabuni, ukiinua ncha yake huku na kule kama unanusa...

"Nani kasimamisha kazi?" Bosi alikuwa keshafika juu ya mfereji, anafoka. "Nyinyi wasomi uchwara, nita..."

Hakumaliza. Koo lake likapanda na kushuka, gu, gu, gu. Mganga alishatoka mbio, kiatu kimoja kakiacha.

"Bosi?"

Bosi akatabasamu kwa upole ambao hakuna mfanyakazi aliyewahi kuuona.

"Kazi nzuri, mwanangu. Sasa mwite mkeo aje ofisini." Uzi wa ute ukaning'inia kidevuni, akaunyonya taratibu. "Kifua chake nimeshakizoea."