Nyayo Zilizorudi Mlangoni

Nyayo zilikuwa bado mbichi. Zilianzia kwenye meza ya kulia, zikafika mlangoni, zikarudi, na sebule nzima ilinuka mwani na tumbaku ya kiko.

"Nani alikuwa humu?" Tullio aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi na wewe," alijibu mkewe, Marzia.

"Mwanamume, tena peku. Asubuhi ya tatu hii! Ndiyo maana ulishupalia tuje likizo Novemba, eti bahari bila watu ni raha?"

Raha ilikuwepo kweli: ufuo mtupu, miavuli imekunjwa, kahawa bila foleni. Sasa Marzia alikuwa mshtakiwa, na ndoa ya miaka sita ilining'inia kwenye unyayo.

"Hawara huingilia mlangoni, bwana wee. Hizi zinaanzia mezani. Huyu haingii. Anatafuta pa kutokea!"

Donna Filomena, mjane mwenye nyumba waliyopanga, alitoka jikoni. Alipoziona akashika ukuta.

"Siku ya Marehemu, alfajiri, niliwaandalia wafu mkate na maji mezani, nikaacha mlango wazi, nikaenda kanisani. Wanakula, wanakwenda zao. Nani aliufunga?"

"Mimi," Tullio alisema. "Nyie watu wa kusini hamwogopi wezi? Na mkate nikaula. Kwani dhambi?"

"Umekula mkate wa mume wangu, Sabatino," mjane alinong'ona. "Miaka tisa tangu azame."

Akaweka mkate mwingine, akaufungua mlango mpaka mwisho, akasihi, "Nenda, baba, njia hiyo," na upepo ukaingia, mapazia yakatuna, hatua zikaanza kusikika sakafuni moja baada ya nyingine bila mtu, zikampita Marzia na kumwachia baridi ya kisima miguuni, zikavuka kizingiti, zikashuka ngazi za mawe, zikapotelea mchangani, kisha kimya.

Marzia alishusha pumzi. "Haya. Sasa niombe radhi."

Tullio, ambaye hakuwahi kuvuta hata sigara, alikuwa amewapa mgongo, anatafuna polepole, ananuka kiko.

"Menuccia," alimwita mjane, kwa jina ambalo hakuna aliyelitamka tangu Sabatino azame, "mbona mkate wa leo mgumu?"

Sahani ilimponyoka Filomena. Marzia alikimbilia nje.

Nyayo zilizoingia baharini zilikuwa za viatu, viatu vya Tullio.