Boti Iliyoota Singa

Bisha. Tena bisha kwa sauti, kaa kwenye kiti chako kikavu, useme Denzil ameanza tena. Nimezoea. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo kila ninachosema watu wanataka nikiapie. Lakini mimi ndiye fundi bora wa boti za mbao kwenye mfereji huu wa Uingereza, kati ya Napton na Braunston, muulize yeyote asiyenionea wivu, na yaliyotokea ndani ya boti iitwayo Dorcas niliyashika kwa mikono hii. Ukifika mwisho bado unabisha, basi tumbo lako ni gumu kuliko langu.

Ilianza na siagi. Dada yangu Hetty na mumewe Alban walikuwa wamehamia botini wiki hiyo hiyo, wakanialika chai ya asubuhi. Alban akakata siagi apake mkate wake, kisu kikanasa. Akavuta. Ukatoka unywele mweusi, mnene kama uzi wa kushonea viatu, ukazidi kutoka, unang'aa kwa mafuta, mpaka mkono wake ukapita juu ya kichwa.

"Wako huu?" akamuuliza mkewe.

"Mimi nywele nyekundu, Alban. Miaka yote hii hujaona?"

"Basi wa shemeji."

"Mimi nanyoa," nikasema. "Na wewe una kipara kama yai. Labda siagi imebalehe."

Tukacheka. Alban akaufuta pembeni ya sahani, akala mkate wake. Alipomaliza kutafuna tukaendelea kusikia kutafuna. Polepole, kwa meno mapana, nyuma ya ukuta.

Sasa boti yenyewe. Hetty na Alban waliuza nyumba yao ya Coventry ili wainunue. Hapakuwa na nyumba ya pili wala mpango wa pili. Dorcas ndiyo ilikuwa paa lao. Zamani ilibeba makaa ya mawe, ikivutwa na farasi anayetembea ukingoni mwa mfereji, kisha wenyewe wakaizamisha kwenye kijitawi kisichopitwa na mtu. Wageni wanadhani boti iliyozama imekufa. Sisi huizamisha makusudi, kwa sababu mwaloni ukikaa majini haupasuki. Jua ndilo linaloua mbao.

Tukaipiga pampu, tukaivuta, tukaipandisha gudini, nchi kavu, kwa matengenezo. Ilitapika tope jeusi lenye konokono na mikunga hai iliyonenepa kwa kitu nisichotaka kukijua. Na kule tezi, nyuma ya boti, chini ya sakafu, kwenye maji machafu yanayotuama ngamani, nikakuta mkia wa farasi.

Mkia si ajabu. Watu wa mfereji farasi wao akifa, humkata mkia wakautundika nje, kichwani mwa usukani, kwa pambo na kwa heshima. Ila mkia hukauka, huliwa na nondo, hubaki kama ufagio wa maskini. Huu ulikuwa umejaa singa, nywele ndefu zinazong'aa, na nilipoukamua, maji yaliyotoka yalikuwa vuguvugu.

"Urudishe kwenye usukani," Hetty akasema. "Si ndiyo mahali pake?"

Nami nilikuwa na wazo zuri zaidi. Kabla ya kuziba ukuta wa ndani, mbao za boti hupakwa rojo la moto: lami, mavi ya farasi, na nywele za ng'ombe ili lishikane. Ndiyo, mavi. Ondoa mkono puani, wazee walilala humo na watoto wao wakanenepa. Mavi nilipata ndoo tele, lami ninayo. Nywele za ng'ombe siku hizi hazipatikani, duka linakuuzia nyuzi za plastiki, na mimi plastiki siweki kwenye boti.

"Singa tunazo," nikasema.

Alban akajikuna. "Tuulize mtu kwanza, shemeji."

"Umuulize nani? Fundi si huyu mbele yako?"

Nikaukatakata wote kwenye pipa, na kigutu chake cha mfupa nikakitumbukiza. Rojo lilinuka kama zizi linaloungua na wenyewe wamo. Nikalipaka lote, kutoka omo, mbele ya boti, mpaka tezi, nikaweka nguo ya sufu juu yake, nikapigilia mbao za ndani. Kazi safi. Halikuingia hata tone la maji.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Farasi aliyelowa, kwanza kitandani, kisha kwenye taulo, kisha ndani ya maziwa. Halafu ukuta ukaanza kutoa jasho, si maji ya ukungu, jasho lenye chumvi na povu jeupe, linaloteleza juu ya rangi mpya na kuacha mstari wa njano kama makamasi. Nikapaka rangi mara ya pili, ikabambuka kama ngozi ya aliyeungua. Hetty akawa anafuta kwa matambara kimya kimya. Alban akaanza kukohoa.

Nilimvuta dada yangu jikoni.

"Hetty, ukuta una joto."

"Ni jiko," akanong'ona.

"Jiko limezimwa tangu jana."

"Usiseme mbele ya Alban. Tumeuza nyumba, unanielewa? Nipe dawa ya harufu, Denzil, usinipe hadithi."

Akafungua kinywa aongeze neno, badala yake akatia vidole viwili nyuma ya ulimi. Akavuta singa. Ilikuwa na kitone cha lami kwenye shina, na kwenye lami kulikuwa na kipande kidogo cha nyama nyekundu. Akaitupa kwenye sinki, akafungua bomba, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetema.

Jumapili, mchana, mvua inanyesha, Alban amelala na homa, nikasema nitabandua ubao mmoja tu nione kazi yangu, kwa sababu kazi yangu naijua, na nikabandua ule wa karibu na mto wake, taratibu, msumari mmoja baada ya mwingine, na nyuma yake sikuona lami wala nguo ya sufu bali manyoya, mafupi, laini, yamelala upande mmoja kutoka omo kuelekea tezi kama yanavyolala ubavuni mwa mnyama, yamelowa jasho, yana chawa weupe wanaotembea bila haraka, na mimi, kwa ubishi wangu ule ule unaoujua, nikayapapasa, na ngozi iliyokuwa chini yake ikaruka, ikatetemeka chini ya kiganja changu kama inavyofukuza nzi, na ukuta wote kutoka hapo mpaka mlangoni ukavuta pumzi, mbao zikalia, vikombe vikagongana kabatini, kisha ukaishusha pumzi ile usoni kwangu, nzito, ya moto, ya nyasi zilizotafunwa na kuozea tumboni, na kitandani Alban akaanza kukwama koo, macho yanamtoka, fundo la singa limejaa kati ya meno yake na linajisogeza lenyewe kurudi ndani.

Tulimtoa nje tumembeba. Kwenye nyasi za ukingoni akapata pumzi.

Nikakimbia kumwita Bi Tolley. Alizaliwa ndani ya boti, sasa anaishi nyumba ya manispaa juu ya daraja, anavuta tumbaku kali na matusi anayajua kuliko mimi. Hakuingia. Alisimama mlangoni mwa Dorcas, akanusa, akatema mate.

"Nani pumbavu aliyemwingiza farasi ndani?"

Nikainua mkono.

"Nilijua ni wewe. Una uso wake." Akamgeukia Hetty. "Huyu alikuwa Sultan, mwanangu. Aliangukia kwenye lango la maji, pale boti zinapopandishwa na kushushwa, miguu ikavunjika, wakashindwa kumtoa. Mkia wakaukata angali anapumua, maana walikuwa na haraka. Farasi alikufa zake. Kilichoukamata ule mkia si farasi."

"Ni nini?" Hetty akauliza kwa sauti ya chini.

"Sisi tunamwita mgeni. Kwenye usukani anakaa nje, analoana na mvua, hana neno. Nyie mmempa nyumba, na joto, na watu wa kula."

Mimi nasema jini. Nimelipapasa, nina haki ya kuliita nipendavyo.

Akakoroga haradali na chumvi kwenye maji ya moto, akamshika Alban shingoni akamnywesha. Alban akatapika mpaka kikatoka kitu kama ngumi, kimevingirishwa singa, kinapanda na kushuka. Bi Tolley akakiokota kwa koleo akakitia kwenye ndoo ya makaa ya moto. Kikalia kwa sauti ya mtoto wa farasi. Kisha zamu ya Hetty, zikamtoka nyuzi tatu.

"Nani mwingine amemla?" Akanigeukia. "Na wewe?"

"Mimi niko sawa, Bi. Tumbo langu chuma."

Akajifuta vidole kwenye koti langu, akamwambia dada yangu, "Basi chagua, mwanangu. Boti au mume."

Hetty hakulia. Aliitazama Dorcas, mapazia aliyoshona mwenyewe, bomba la jiko alilolisugua likang'aa. Akaniomba shoka. Pigo la kwanza alipiga yeye, na mbao ikapasuka ikamwaga usaha mweusi mpaka kwenye viatu vyake, naye akapiga tena. Tulipoichoma ukingoni ilinuka nyama choma, na mataruma, zile mbavu za boti, yakapiga teke mara mbili ndani ya moto. Kisha ikawa boti tu inayoungua.

Siku hizi wamepanga vyumba viwili mjini Rugby, juu ya duka la mikate. Alban anaimba akioga.

Sasa ile sehemu niliyoiruka. Siku ya kupika rojo, Alban aliniuliza nitajuaje limekolea. Nikamwambia fundi halisi huonja. Hakuna fundi anayeonja, nilitunga hapo hapo. Lakini alikuwa ananitazama, nikachovya kidole, nikalamba, nikameza, nikamchekea kwa meno meusi. Na siku ya haradali, dada yangu amesimama hapo ameshika shoka, ningesemaje kwamba na mimi nimemla?

Nina vidonda viwili mabegani, pale farasi wa boti anapovalishwa kola ya kuvutia mzigo. Vinanuka. Nikivikamua zinatoka singa. Mwenye nyumba wangu ameshanifukuza kwa harufu, na Hetty, kwa huruma zake, akanipa chumba cha nyuma. Nimehamia juzi. Asubuhi ya leo, kupitia ukutani, nimemsikia Alban anakohoa.