Siri Niliyoijaza Kwenye Fomu ya Mchezo

Nina miaka ishirini na nne, naishi Kibondo, nashona sare za shule, na nina binti wa miaka mitano anayeitwa Kwizera. Naandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno matamu aruke ukurasa huu.

Mwaka jana nilikuwa na mchumba, nitamwita Elias. Mwalimu wa hesabu, mtu wa Singida, kazi ndiyo ilimleta huku. Alimpenda Kwizera kama vile amemzaa yeye. Kila asubuhi alipita kwangu kunywa chai, na kabla ya kukaa alikikunja kile kitenge cha majogoo anachojifunika mtoto, huku wote wawili wanaimba ovyo ovyo! Wazazi wake walikuwa waje likizo kujitambulisha kwetu.

Elias huyo huyo ndiye aliyetuletea mchezo. Mnakaa mezani watu watano, sita. Mmoja ni msimulizi, anaiongoza hadithi. Nyie wengine kila mtu ana mhusika wake, awe mganga, mwindaji au mwizi, na unasema mhusika wako anafanya nini. Halafu unarusha dadu, dadu inaamua kama umefaulu au umekwisha. Tulicheza kila Jumamosi mchana. Msimulizi wetu alikuwa Jesca, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Jamani, Jesca anajua kusimulia! Ukimsikiliza, maharage yanaungua jikoni.

Ili uingie kwenye kongamano la Kasulu, ambako wachezaji wa wilaya kadhaa hukutana, lazima mhusika wako awe na fomu. Jina, kazi, silaha... na chini kabisa: "Siri ya mhusika wako. Itasomwa na msimulizi peke yake."

Mimi sina akili ya kutunga. Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Jesca akanisukuma: "We Mama Kwizera, andika kitu kinachouma! Mhusika asiye na kidonda hachezeki."

Nikaandika kinachouma.

Nikaandika kwamba mhusika wangu alikataliwa na mwanaume, akamwacha mtoto wake wa siku tisa mlangoni kwa mama mmoja mcha Mungu. Kwamba alijificha kwenye migomba mpaka maziwa yakamlowesha blauzi. Kwamba alimfunika mtoto kitenge cha majogoo, kimeungua pasi kwenye kona. Siku ya tatu alirudi, akapiga magoti. Fomu nikamkabidhi Jesca, msimulizi wetu.

Mmeshaelewa. Ni mimi! Ni mimi, kijijini Rungwe Mpya, nikiwa na miaka kumi na tisa! Yule mama alinirudishia mtoto wangu akasema tu kwa Kiha chetu, "Mwana wanje, mwanangu, mnyonyeshe kwanza. Utalia baadaye." Hakumwambia mtu. Na mimi sikumwambia mtu... hata Elias. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

Basi, Kasulu. Ukumbi umejaa, meza sita. Utaratibu wao ni kwamba meza zote zinacheza hadithi moja kwa saa moja, na mwishoni kila meza inasimamisha mtu wake kutangaza walichoamua. Hadithi iliyochaguliwa mara hii ilikuwa ya Jesca. Nilifurahi, nikamnunulia soda! Tukachanganywa: mimi meza ya kwanza, Elias ya sita.

Msimulizi wa meza yetu akafungua bahasha, akasoma: "Asubuhi moja, mlangoni kwa mwanamke mcha Mungu, kimekutwa kichanga..."

Nikaivuta dadu karibu yangu.

Sisi wachezaji ndio wazee wa kijiji. Kazi yetu, kuamua kama mama aliyerudi siku ya tatu apewe mwanawe. Nilirusha dadu juu ya maisha yangu mwenyewe! Kijana mmoja pembeni yangu akasema, "Huyo mpeni mbuzi alee, siyo mtoto!" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Mnasikia? Nilicheka!

Ukafika wakati wa kutangaza. Elias akasimama, kifua mbele kama yuko darasani. "Meza ya sita tumeamua mtoto asirudishwe. Mama wa kweli haachi."

Wakampigia makofi.

Kisha Jesca akaja mbele kusoma mwisho wa hadithi: mama anatambulika kwa kitenge cha majogoo, kona imeungua pasi. Elias alikuwa bado hajakaa. Nilimwona anageuza shingo, meza hadi meza, mpaka akanifikia.

Nje aliniuliza maneno mawili. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Jesca alijua, mimi sijui?"

Tulirudi Kibondo basi moja, yeye kiti cha mbele, mimi cha nyuma. Wazazi wake hawakuja. Aliomba uhamisho, akapata. Siku ya kuaga alikikunja kile kitenge mara ya mwisho, bila kuimba, na Kwizera akamuuliza, "Baba, leo umesahau wimbo?"

Mama wa kweli haachi, eti. Na yeye je?

Jesca akapewa zawadi ya msimulizi bora. Akaja kwangu na juisi. "Shoga, ni mchezo tu, jina nimebadilisha."

Nikamuuliza kama hakujua ni mimi. "Nilijua. Ndiyo maana ilinoga."

Nilimtoa nje na rula yangu ya kushonea!

Lakini wasomaji wenzangu, hasira ikipoa naona na kosa langu. Karatasi niliiamini kuliko mwanaume aliyekuwa anakunywa chai yangu kila siku. Kama ningemwambia mwenyewe pale jikoni, labda angeondoka. Labda angebaki. Sasa sitajua kamwe.

Kwizera nitamwambia mimi, akifika umri wa kuelewa, kabla mtu wa ukumbi ule hajamwambia. Na wewe unayeficha kitu, mwambie anayestahili, leo, kwa mdomo wako. Mchezo ukikuuliza siri yako, danganya! Andika umeiba ng'ombe wa mfalme. Kidonda chako usimpe mtu anayetafuta hadithi.