Kitambaa cha Fungate

Jabiri bin Shomari alikuwa seremala, tena fundi hasa, wa kutopigilia msumari pasipo na haja. Mkewe Mwanaasha alipohamia kwake Temeke, mwaka vita vya Hitla vilipokwisha, alikuta ameshachongewa mitalawanda yake ya kuendea bafuni, ya mti wa mvule, visigino vimetiwa nakshi. Aliivaa akafurahi. Ila kando ya mlango wa uani palikuwa na jozi ya pili, nakshi yake nzuri kuliko ya kwake.

“Hii ya nani?” aliuliza.

“Ya mama,” Jabiri alijibu, macho chini.

Mama mkwe, Bi Mwanaheri, miguu ilikuwa imemvimba tangu zamani na hakuvaa kitu ila ndara za kanda. Mwanaasha aliliona hilo. Bibi harusi mgeni hana mdomo. Lakini kila jua lilipofika utosini, jozi ile aliikuta imelowa. Maji ya nyumba ile yaliletwa kichwani kutoka kisima cha mbali, na saa ile hakuna aliyekoga. Siku moja alitia kidole kwenye mti uliolowa, akaonja. Yalikuwa maji ya chumvi.

Tuseme kweli, alikuwa na jingine la kumkosesha raha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, wazazi wake walikufa kwa ndui, na aliyemlea ni shangazi yake Hamisa wa Kinondoni, kungwi na somo mashuhuri aliyewaingiza ndani maharusi wa mitaa mingi. Fungate ilikaliwa nyumbani kwa Hamisa, kama ada. Usiku wa kwanza Jabiri alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, akalia kimyakimya mpaka adhana. Hamisa alipoingia kukitazama kitambaa alikikuta cheupe pee. Akaenda nyuma ya nyumba, akamchinja kuku, akakitia damu, kisha akatoka nacho mbele ya wageni kwa vigelegele.

“Nyamaza, mwanangu,” alimnong'oneza. “Mwenzio kashikwa na haya, atazoea. Kitambaa kisipotoka leo watu hawatasema yeye kashindwa. Watasema wewe uliharibika. Miye nakusitiri.”

Mwanaasha aliubusu mkono wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini nani hujikagua nguo siku ya harusi yake?

Temeke mambo hayakubadilika. Jabiri alilala chumba cha pili, komeo ndani. Alikuwa mpole, aliuliza kama kala, kama kalala vizuri, kisha akajifungia. Na katika nyumba ile isiyokuwa na hata shina moja la asmini, harufu ya asmini ilipita ukumbini kila adhuhuri, na nyuma yake harufu ya mwani uliooza.

Adhuhuri moja mama mkwe alikwenda msibani. Mwanaasha alikuwa chumbani akishona ukili, akamsikia Jabiri akirudi kutoka kazini mapema na kufunga mlango wake. Kisha uani kukasikika ko. Kimya. Ko. Akadhani ni jirani kaingia kuazima kinu, akataka kuitikia hodi, lakini hodi haikuja, ikaja ile ko, ko, ya mtu asiye na haraka, mtu wa nyumbani, ikaupita mlango wake, ikaingia kwa Jabiri bila komeo kulia wala bawaba kulia, na harufu ya asmini ikawa nzito hata akajiziba pua kwa upindo wa kanga, akasikia sauti ya mwanamke, nzuri, ya chini, ikiuliza, “Umemgusa?” na sauti ya mumewe ikijibu, “Sijamgusa, wallahi sijamgusa,” ile ya kike ikauliza tena, “Na kule Kinondoni, siku zile nilizokuruhusu, nisizokuwako?” naye, “Wala kule,” kisha mitalawanda ikatoka tena, ikaja ikasimama nje ya mlango wake, na maji yakapenya chini ya ubao yakaulowesha ukili uliokuwa miguuni pake.

“Mwenzangu,” sauti ikasema, “hujambo?”

Adabu za utotoni zina nguvu. Mwanaasha alijikuta anaitikia, “Sijambo.” Kisha akazimia.

Bi Mwanaheri aliporudi alimkuta sakafuni. Alikaa karibu yake, akampepea mpaka akazinduka.

“Umemsikia mke mkubwa,” alisema.

“Mke gani, mama?”

“Jabiri nilimzaa Kimbiji, akawa wa kufa. Waganga wote walishindwa. Nikampeleka kwenye pango la pwani nikasema, mwenye kumponya ni wake. Akapona. Alipobalighi mwenyewe akaja kumchukua.” Alifuta jasho. “Ni jini Muislamu, anaswali, hana shari akitimiziwa ahadi. Kamruhusu awe na mke wa kupika na kufua, watu wasiseme. Wa jina tu. Akimgusa, basi mwanangu sina.”

“Kwa nini mimi? Nimewakosea nini?”

“Sie tulimposa Zuena, binti wa shangazi yako. Nikamweleza Hamisa yote, sikumficha. Akaniambia, Zuena simtoi, lakini nyumbani yupo mwingine, hana baba wala mama wa kuuliza.”

Mwanaasha hakulia. Maneno yale yalimuuma kuliko hofu ya jini. Alikumbuka yeye na Zuena walivyolala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na mkono ule aliobusu.

Alimwendea Shehe Fakihi, mtu aliyekuwa akipunga majini kwa kisomo. Shehe alifika, akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akafunga msahafu wake.

“Huyu hatoki,” alisema. “Kaitwa kwa ahadi, na alichopewa ni chake. Wa kutoka ni wewe, binti yangu. Mumeo akupe talaka.”

“Kakataa. Anasema nikiondoka atachukuliwa moja kwa moja.”

“Basi kadhi atavunja. Ndoa ina aibu zake zinazoivunja: wazimu, ukoma, na mume asiyeweza kumfikia mkewe. Lakini mume akishamfikia mara moja tu, mlango huo umefungwa. Nawe ukifasikhiwa, ndoa ikavunjwa hali hujaguswa, huna eda. Unatoka siku hiyohiyo.”

Siku hiyohiyo! Neno lile Mwanaasha alilishika kama mgonjwa anavyoshika maji.

Alikwenda mjini kwenye baraza la kadhi, akasema mbele ya wanaume neno ambalo mwanamke halisemi hata kwa shoga yake. Jabiri alipoulizwa aliinamisha kichwa. Kadhi alikuwa mtu mwenye subira. Akampa mume muhula wa mwaka, kama sheria isemavyo, misimu yote imzungukie, huenda joto au baridi ikamponya. Mwanaasha akarudi kuungoja mwaka wake. Kila adhuhuri aliulizwa hujambo, na kila adhuhuri aliitikia.

Mwaka ulipotimia wakarudi barazani. Kadhi alikuwa ameshaweka kalamu kwenye wino pale Bi Mwanaheri aliposimama, miguu yake imefungwa vitambaa, akatoa kifurushi kifuani. Mama akiona mwanawe anamponyoka hushika chochote kilicho karibu, hata kiwe kisu.

“Shikamoo, kadhi. Huyu mtoto muongo. Kitambaa cha fungate hiki hapa. Na somo aliyekitoa yuko nje.”

Hamisa akaingizwa. Mwanaasha alimtazama akapata nguvu, maana hata baada ya yote aliyoyajua, moyo wake ulikataa kuamini kwamba mtu aliyemfunga nguo ya kwanza ya hedhi angeweza kumzika mzima. Kadhi akamwekea Msahafu mbele.

“Shangazi,” Mwanaasha alisema taratibu, “sema ile kweli. Nikuombe kwa baba yangu, kaka yako.”

Nyumbani kwa Hamisa kulikuwa na posa ya Zuena, harusi mwezi ujao. Akikiri kuku mmoja, maharusi wote aliowatoa mitaani watatiliwa shaka, na wa kwanza ni binti yake. Akaweka mkono juu ya Msahafu.

“Wallahi, ni damu ya Mwanaasha. Mumewe alimfikia usiku wa kwanza.”

Harufu ya asmini ikaingia barazani. Karani aliinua kichwa akatafuta dirisha. Jabiri alisimama.

“Shangazi,” alisema, “umeniua.”

Bi Mwanaheri ndipo alipofahamu, akapiga yowe. Alikuwa amefikiria kadhi, amefikiria majirani, akasahau kwamba majini nao huisikiliza Kurani, na jini mwenye dini hawezi kudhani kwamba mwanadamu ataapa uongo juu yake. Kadhi akatuliza watu, akafuta dai. Mwanaasha akaamriwa amfuate mumewe.

Kesho yake adhuhuri mlango wa Jabiri ulivunjwa kwa shoka. Alikuwa kitandani, shuka kavu, ameshatulia. Waoshaji walipomkamua tumbo, kama inavyofanywa, yalitoka maji ya bahari, wakakamua tena yakatoka, na mwani ndani yake, mpaka mmoja wao akaacha kazi akakimbia. Bi Mwanaheri alichukuliwa na ndugu kwenda Kimbiji, ameshapotewa na kauli.

Na Mwanaasha? Mjane ana eda, aguswe asiguswe. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ileile, haruhusiwi kwenda kulala kwingine. Wa kumwogesha na kukaa naye, kwa ada, ni somo wake.

Hamisa hakuweza kukataa, watu wangesemaje? Alifika na kifurushi chake, jua likiwa utosini. Mwanaasha alikuwa amekaa mkekani, nguo nyeupe, uso mkavu. Mlango ukajifunga nyuma ya mgeni.

“Pole, mwanangu,” Hamisa alinong'ona. “Mbona nyumba inanukia hivi?”

“Hatuko wawili tu, shangazi. Mwenzangu naye anakaa eda. Ana swali.”

Hamisa alifuata macho yake. Kwenye mlango wa uani jozi ya mitalawanda ilikuwa imesimama, ncha zikielekea ndani, na maji yalikuwa yakichuruzika juu yake kutoka mahali pasipo na kitu.

“Anauliza,” Mwanaasha alisema, “ile damu ya kitambaa ilikuwa ya nani?”

“Nimeshaapa mie. Nimeshaapa kwa kadhi.”

“Ndiyo, naye alikuamini. Kwa kiapo chako alimuua mumewe aliyempenda. Jana usiku nilimwambia ya kwangu, lakini anataka asikie kwako.”

Mitalawanda ikapiga ko moja. Hamisa alipiga magoti, akamshika mpwa wake miguu.

“Mwanangu, nisitiri.”

Mwanaasha alilisikia neno lile, na kwa mara ya kwanza tangu barazani machozi yakamtoka, kwa sababu alimpenda shangazi yake, na aliona hata sasa anampenda. Lakini hakuunyoosha mkono.

“Sema, shangazi.”

Maji yalifika kwenye ncha ya mkeka.

“Ya kuku,” Hamisa alisema.

Mitalawanda ikaanza kutembea. Haikwenda kwa haraka; ilimjia Hamisa kwa mwendo wa mwenye nyumba anayekwenda kumpokea mgeni. Mwanaasha aligeuza uso ukutani, akajifunika nguo yake nyeupe mpaka kichwani. Kutoka hakuwa na ruhusa. Eda yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.