Mke Mwenza wa Chuma

Hebu nijibu wewe unayesikiliza, na usinicheke: umewahi kuionea wivu feni?

Nyanjige aliionea. Ilianza siku alipoloweka ovaroli ya mumewe akaikuta inanuka udi. Si jasho, si grisi, si yale mafuta ya mbegu za pamba aliyoyazoea miaka tisa ya ndoa. Udi, ule wa kufukizia nguo za harusi. Na Shigela, fundi wa kinu cha pamba pale Bariadi, hakuwa mtu wa manukato. Sabuni yenyewe aliikumbuka Jumapili.

"Baba Mayala, nani anakufukiza huko kazini?"

"Nani anifukize mimi? Nashinda na feni."

Kweli alishinda nayo. Lilikuwa dude la kunyonya pamba kutoka ghalani mpaka kwenye mashine za kuchambua, mdomo wake mpana kama gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Mhindi mwenye kinu ndiye aliyelifunga, kabla serikali haijakichukua kinu chake. Shigela alilipaka grisi kila asubuhi kabla hajanywa uji. Msimu ukianza, konzi ya kwanza ya pamba alilirushia kwa mkono wake mwenyewe, huku akilisemesha taratibu kama anayekamua ng'ombe mkali.

Nyanjige akaenda kwa Siwema, muuza khanga wa sokoni, Mwislamu aliyejua habari za majini kuliko bei ya khanga zake.

"Humo mna mwenyewe," Siwema akanong'ona. "Wa kike. Kampenda mumeo. Hana ubaya, ili mradi hasahauliwi."

"Na mimi je?"

"Wewe una mke mwenza, mayu. Vumilia kama wenzio."

Akavumilia. Kisha wakubwa wa ushirika wakaleta kompyuta.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe vijijini. Maji ya bomba Bariadi yalikuwa habari ya redioni tu, lakini kompyuta ikaja: makabati matano ya chuma, kila moja refu kama mtu mzima, eti yajue pamba ya kila mkulima toka Lalago mpaka Mwamapalala. Kitu kile kikipata joto kinapotewa na akili. Kiyoyozi chake bado kilikuwa bandarini, in transit, kama maendeleo yetu yote. Basi wasomi wakakaa kikao, wakanywa chai, wakatafuna maandazi, wakapitisha azimio: feni ya kinu ing'olewe, ipachikwe kwenye ukuta wa chumba cha kompyuta, inyonye joto na kulitupa nje. Very scientific! Makofi yakapigwa.

"Ndugu Meneja," Shigela akamwambia Jumbe, bosi wa kinu, "kule mdomo wake ulikuwa ndani ya bomba. Huku utakuwa wazi. Naomba wavu wa kuuziba."

"Jaza fomu."

Alijaza tatu. Wavu ulikuja, ukaenda moja kwa moja kwenye banda la kuku la Jumbe. Na kwa kuwa kompyuta haikutakiwa kukosa upepo hata dakika tano, Jumbe alilitia kufuli sanduku la swichi, akaweka ufunguo mfukoni na kubandika karatasi juu yake: MARUFUKU KUZIMA.

Siwema aliposikia alishika kichwa. "Wamemtoa bi mkubwa nyumbani kwake bila kumwomba radhi, wakamweka ampepee mgeni? Hata binadamu asingekubali!"

Lakini Nyanjige hakuwa akiiwazia kompyuta. Alikuwa akimwaza Asumini, msichana aliyeletwa kutoka Dar kuiendesha. Viatu vya raizoni vyenye soli nene, kucha nyekundu, kilemba cha hariri chenye ncha ndefu zinazoning'inia mgongoni. Sasa Shigela alishinda chumba kimoja na huyo. Tena Shigela akaanza kuoga Jumatano.

Jumatano!

Siku moja, jua la saa sita likiwa utosini, Nyanjige alibeba chakula cha mumewe, michembe ya viazi vitamu na maziwa ya mgando, akapita nyuma ya jengo, pale feni ilipotupia joto. Upepo ule ukampiga usoni. Ulinuka udi. Na ndani yake vilipepea vinyuzi vyeupe vya pamba, vikamtua mikononi, ilhali chumba kile hakikuwa na pamba hata punje. Akasimama. Katikati ya mngurumo akasikia sauti ya mwanamke, nzito, yenye adabu.

"Mwadila."

Msukuma akisalimiwa huitika. Amelelewa hivyo tangu hajaota meno. Kunyamazia salamu ni kumtukana mtu na ukoo wake. Kinywa cha Nyanjige kikamtangulia.

"Mwadila."

"Ng'wana nani?"

"Ng'wana Mashimba."

Hapo ndipo alipojitoa mwenyewe. Siwema alimwambia baadaye kwamba usiyemwona humpi jina la baba yako. Baadaye!

"Ng'wana Mashimba," sauti ikasema, sasa imemkaribia sikioni, "mimi na wewe tumegawana miaka yote bila ugomvi. Huyu wa kilemba ametoka wapi? Nimwondoe?"

Nyanjige aliziwaza kucha nyekundu. Akaiwaza Jumatano.

"Mwondoe," akasema.

Feni ikacheka. Alisema mwenyewe kwamba ilicheka.

Kesho yake, saa ileile, Asumini alimkuta mlangoni.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye Nyanjige? Afadhali umekuja, mumeo ameniua kwa maneno! Kutwa Nyanjige hivi, Nyanjige vile. Michembe yako naijua kwa ladha na sijaionja."

"Anakuambia hayo?"

"Hayo tu! Ananisumbua nimfundishe kusoma kadi za mashine, apande cheo, akujengee nyumba ya bati. Nikamwambia sawa, ila uoge, kaka, maana ukiingia hata kompyuta inapiga chafya!" Akacheka, akageuka kurudi ndani. "Karibu, yupo."

Nyanjige akanyoosha mkono kumzuia. "Mdogo wangu, ngoja. Usiingie. Vua hicho kilemba!"

Lakini Asumini alikuwa ameshapita kizingiti, na feni, ambayo siku zote ilinguruma kwa sauti moja, ikabadilisha sauti, ikavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kupiga mbizi, kadi zikaruka kutoka mezani, udi ukajaa chumba kizima mpaka macho yakawasha, na zile ncha za hariri zikainuka zenyewe mgongoni mwa msichana, zikanyooka kuelekea ukutani kama mikono inayopokea mtoto, zikaingia mdomoni mwa feni, na Asumini akavutwa kinyumenyume, raizoni zikiburuzika sakafuni, huku Nyanjige akipiga kelele "Zimeni! Zimeni!" na akiligonga lile sanduku la swichi kwa bakuli la maziwa, na kufuli linamtazama tu, na Shigela akaruka, akamshika msichana kiunoni, akakata hariri kwa kisu chake cha fundi, akamsukuma mbali, halafu akasimama, akahema, akageuka kuitazama feni aliyoipaka grisi tangu ujanani, na Nyanjige aliona wazi, aliapa kwa marehemu mama yake kwamba aliona, mkono mweupe wa nyuzi za pamba ukitoka mle ndani, taratibu, bila hasira, ukamshika mumewe kiwiko cha ovaroli kama mke anavyomshika mume aliyekuwa akimsubiri kwa chakula.

Jumbe alipatikana nyumbani kwake, akiwalisha kuku. Dakika ishirini feni ilizunguka na Shigela ndani yake kabla ufunguo haujafika.

Asumini alirudi Dar na kichwa chenye kipara upande mmoja, pale nywele zilipong'oka pamoja na kilemba. Feni? Ilizimwa kwa saa moja, ikaoshwa kwa ndoo tatu na ufagio, ikawashwa tena, kufuli likarudi mahali pake. Msimu ulikuwa bado. Kompyuta haikupata hitilafu yoyote, ripoti iliandika hivyo, with satisfaction.

Siwema alikwenda na chetezo chake, akasoma, akafukiza, akatoka. "Simtoi huyu. Hatoki. Kwa nini atoke? Ameshapata alichokitaka."

Tangu siku hiyo, saa sita ikifika, Nyanjige husimama nyuma ya jengo. Katika upepo ule wa moto humsikia Shigela akipiga mluzi, ule mluzi wake wa jioni, wa kumjulisha mkewe kwamba yuko njiani. Kisha husikia mwanamke akicheka kwa chinichini, kicheko cha mtu aliyejifungia ndani pamoja na mumewe. "Mwadila, ng'wana Mashimba," humwambia. Nyanjige haitiki tena.

Mwezi ulipotimia aliingia ofisini bila kubisha hodi. Wakubwa kutoka mkoani walikuwa mezani, chai mbele yao.

"Ndugu Nyanjige," Jumbe akaanza, "suala lako lipo kwenye—"

"Nyamaza, Ndugu Jumbe. Sikuja kwa fomu. Wavu kaeni nao, kuku wenu walale salama. Fidia yenu sijaiuliza. Nilichozika mimi ni ovaroli. Mume wangu mnamzungusha mle ndani mchana na usiku ili makabati yenu yasitoke jasho, na kila siku mnayomzungusha, yule mwanamke anakaa naye yeye peke yake. Mlimhamisha ninyi. Mlimwacha mdomo wazi ninyi. Mlimfungia kwa kufuli ninyi. Sasa inukeni kwenye hivyo viti, mmoja wenu anipe ufunguo, nikazime kwa mkono wangu, sasa hivi, jua hilihili. Leteni ufunguo!"